Kompyuta Iliyonyamaza Mlabani

Kompyuta iliyoungua hujitangaza yenyewe. Utanusa plastiki iliyoiva, utaona weusi mahali ambapo jana hapakuwa na weusi, na mwenye mashine atakuwa amekwisha kukusimulia mlio uliomtoa kwenye kiti. Kompyuta iliyopoteza sauti haikupi chochote. Skrini inawaka, kipanya kinatembea, sekunde za wimbo zinasonga mbele kama kawaida, na chumba kimya. Ninyi mnaoingia sasa katika kazi hii mtakutana na kimya hicho mara nyingi kuliko mnavyodhani, hasa kwenye mashine zinazoendeshwa na Linux, nami ningependa mkutane nacho mkiwa mmetulia zaidi ya nilivyokuwa mimi.

Nimestaafu. Kwa miaka mingi nilitunza kompyuta za watu wa Ifakara: za shule, za maghala ya mpunga, za maduka ya kuchapa barua, na mwishoni za mradi mmoja wa utafiti. Sitawapa miaka kwa mpangilio wake, kwa sababu kichwa changu hakikuihifadhi hivyo. Kilihifadhi aibu. Kwa hiyo nitaanza na aibu ndogo, kisha niende kwenye ile kubwa.

Ile ndogo ni ya mahafali ya shule moja ya sekondari. Mkuu wa shule alitaka wimbo wa shule upigwe kutoka kwenye kompyuta, wanafunzi waimbe juu yake, na picha zao zipite ukutani kwa projekta. Nilijaribu asubuhi, sauti ikatoka safi. Mchana, wageni walipokwisha kukaa, nikachomeka waya wa projekta, nikaonyesha dole gumba. Mkuu akasema, "Tusimame kwa wimbo wa shule." Wazazi wote wakasimama. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Wazazi wamesimama wima, mikono imenyooka ubavuni, na mimi nimeinama nyuma ya meza kama mtu aliyeangusha sarafu. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akamnong'oneza mkewe, kwa sauti iliyofika hadi kwangu, "Mbona wimbo wenyewe ni wa kusimama tu?"

Kilichotokea ni hiki. Waya wa kisasa wa skrini hubeba picha na sauti pamoja. Linux ilipouona waya ule ikaamua, kwa adabu zake zote, kwamba sauti nayo iende huko. Projekta ile haikuwa na spika. Wimbo ulikuwa unapigwa. Ulikuwa unapigwa ndani ya kitu kisicho na mdomo. Tangu siku ile, kabla ya kugusa kingine chochote, nafungua mpangilio wa sauti na kuiuliza mashine: unaipeleka wapi? Sauti nyingi zinazosemekana zimepotea hazijapotea. Zimepelekwa kwa mtu mwingine.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani, kupata sauti kwenye Linux ilikuwa kazi ya siku nzima, kuandika mistari kwa mkono ndani ya faili, kuzima, kuwasha, na kuomba. Siku hizi mashine hupanga mambo yenyewe, na mara nyingi hupanga vizuri. Lakini kitu kinachojipangia chenyewe kikikosea hakikuombi ushauri, ndiyo maana kazi yenu ni ngumu kwa namna ambayo yetu haikuwa. Sisi tulitafuta kosa letu. Ninyi mnatafuta sababu ya uamuzi wa mwingine.

Sasa aibu kubwa.

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni. Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili katika umri ambao wenzangu walikuwa wakiulizana watajenga wapi wakistaafu. Siku ya kutetea tasnifu yangu, mtahini mmoja, kwa upole kabisa, aliweka kidole juu ya jedwali langu la nne akauliza, "Umejuaje?" Nikaanza kupekua kurasa nikitafuta nilikolitoa. Nilipewa muda wa kusahihisha, nikasahihisha, nikahitimu. Lakini nilirudi Ifakara nikiwa mtu anayefunga mlango wa nyumba yake, akafika barabarani, akarudi kuujaribu. Katika kazi nikawa naandika kila hatua, na pembeni ya kila hatua naandika nilijuaje. Fundi wa namna hiyo ana faida yake. Ana hasara pia, nayo mtaiona.

Mradi nilioutumikia ulikuwa ukirekodi mahojiano na wakulima wa Namawala juu ya afya za familia zao. Rekodi zililetwa mjini, kwenye nyumba moja ya kupanga mtaani Mlabani, ambako wanukuzi walizisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Mnukuzi bora kuliko wote alikuwa Mama Gaudensia, mjane aliyenizidi umri kwa miaka kama sita, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Wazee wa Namawala huanza mahojiano kwa Kiswahili. Wakifika kwenye jambo linalouma, huhamia Kindamba, lugha ya kwao, bila kujua kwamba wamehama. Wengine pale ofisini walipofika hapo waliandika "haieleweki" ndani ya mabano. Mama Gaudensia aliandika alichosema mzee, kisha tafsiri yake, kisha kama mzee alinyamaza, aliandika amenyamaza kwa muda gani.

Aliugua malaria kali, akalazwa, akapumzika nyumbani majuma matatu. Siku aliyorudi kazini, msimamizi wake alinipigia simu. Msimamizi huyo ni Neema, binti mwenye umri wa kuwa mwanangu, mwepesi wa kucheka lakini mkali wa tarehe.

"Shikamoo, mzee. Mashine ya Mama Gaudensia haitoi sauti. Unaweza kumsaidia kwa simu? Njia ya kuja huku imejaa tope."

Nikampigia mama mwenyewe. Mazungumzo hayo nitawaandikia kama yalivyokuwa, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi.

"Shikamoo, Mama Gaudensia. Pole na homa."

"Marahaba, Baba Happy. Nimekwisha poa, tunamshukuru Mungu."

"Nimeambiwa mashine haitoi sauti."

"Ndiyo, baba. Au labda inatoa."

Mngekuwa ninyi, naamini mngesimama hapo. Mimi nilipita.

"Fungua rekodi yoyote. Umefungua? Sasa pale juu kulia kuna alama ya spika. Bonyeza, vuta ule mstari hadi mwisho. Unasikia?"

"Nasikia, baba."

"Unasikia vizuri?"

"Nasikia vizuri kabisa. Ahsante, Mungu akubariki."

Nikamwandikia Neema kwamba tatizo limekwisha, na pembeni, kwa desturi yangu mpya, nikaandika nilijuaje: mtumiaji amethibitisha kwamba anasikia.

Kesho yake jioni Neema akapiga tena, na safari hii hakucheka.

"Mzee, si ulisema mashine imepona?"

"Imepona. Amenithibitishia mwenyewe."

"Basi aliyepona hajaandika hata mstari mmoja. Siku mbili. Nikimuuliza ananiambia anapitia. Anapitia nini? Tena leo ameniambia huenda ni wakati wake wa kupumzika. Mimi simwelewi. Ijumaa natakiwa kupeleka kurasa za Namawala, na nisipoziona nitazigawa kwa hawa wengine."

"Hawa wengine hawajui Kindamba."

"Najua, mzee. Wataandika haieleweki."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Asubuhi ya Alhamisi niliingia kwenye mashine ya mama kwa njia ya mtandao, nikiwa mezani kwangu. Nikaangalia mpangilio wa sauti, ule niliowaambia uangalieni kwanza. Kadi ya sauti ipo, imetambuliwa. Sauti inapelekwa wapi? Mashine ikajibu: kwenye hedfoni.

Nikampigia. "Mama, kuna hedfoni umechomeka hapo?"

"Hakuna, baba. Hedfoni mimi sizivai kabisa, zinanivumisha kichwa. Natumia spika zangu hizi mbili."

"Una hakika hakuna waya wowote umechomekwa mbele ya mashine?"

"Waya? Hakuna waya."

Alisema kweli. Nami, kwa kuwa sasa nilikuwa na ushahidi wa binadamu dhidi ya ushahidi wa mashine, nikahitimisha kwamba mashine inaota. Jambo hilo hutokea. Nilisoma maelezo ya mafundi wa nchi za mbali, wenye kadi kama ile, ambao Linux zao ziliona hedfoni zisizokuwepo. Nikajaza kurasa nne za daftari. Nikafungua alsamixer, ile programu inayoonyesha nguzo za sauti, ambayo nawasihi muijue hata kama hamtaipenda. Chini ya kila nguzo kuna kijisanduku. Kikiwa na sifuri mbili, njia iko wazi. Kikiwa na herufi MM, njia imefungwa. Na mkitazama vizuri mtaona kwamba mtu akifumba midomo akagoma kusema, anachotoa ni hicho hicho, mm. Ukibonyeza herufi M njia hufunguka. Nguzo ya spika za mama ilikuwa na MM. Nikaifungua. Nikaiwasha upya huduma ya sauti. MM. Nikaifungua tena. MM. Mashine haikuwa imesahau kuzifungua spika. Ilikuwa imekataa, na mtu anayekataa huwa na sababu, lakini mimi niliitafuta sababu ndani ya programu, mchana kutwa, kwa sababu ndiko nilikokuwa nimekaa.

Ijumaa asubuhi nikachukua baiskeli nikaenda Mlabani.

Mama Gaudensia alikuwa na kachumba kake nyuma ya nyumba, stoo ya zamani, kwa kuwa spika zingewasumbua wenzake waliovaa hedfoni. Kachumba kenyewe kalisafishwa hadi ukaona aibu kuingia na viatu. Skrini ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, printa chake, na sanduku la kompyuta, chini ya meza, lilivaa kubwa kuliko vyote, jeupe lenye maua ya njano, limeshuka mbele hadi karibu na sakafu. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando ya dirisha, kanga mabegani, mkoba wake ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nikapiga magoti nyuma ya sanduku. Waya wa spika upo kwenye tundu lake la kijani. Spika zina umeme, taa yake inawaka. Nikawasha programu ya kujaribu sauti, ile ambayo mwanamke aliyerekodiwa hutaja upande wa kushoto, kisha wa kulia, bila kuchoka. Nikaiacha izunguke. Kimya. Kwa mazoea tu, kama daktari anayeuliza hapa panauma, nikasema bila kuinua kichwa:

"Unasikia, mama?"

"Nasikia, baba."

Nikainua kichwa.

Hapakuwa na sauti. Nina masikio mazuri, hicho ndicho kiungo pekee ambacho sijawahi kukitilia shaka, na katika kachumba kale hapakuwa na sauti yoyote zaidi ya mashine ya kukoboa mpunga ya mtaa wa pili. Nikamtazama. Alikuwa akitazama skrini kwa uso wa mtu anayesikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha kidogo upande.

Ningeweza kumwambia kwamba amenidanganya. Nilikwisha kuifungua midomo. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ule mkoba, na jinsi vidole vyake vilivyokuwa vimeubana. Nikasema tu ukweli wa upande wangu.

"Mama, mimi sisikii kitu."

Akageuka polepole.

"Na wewe husikii?"

"Sisikii. Iko kimya kabisa."

"Kabisa kabisa, Baba Happy? Au unanifariji?"

"Kimya kama ukuta, mama."

Akakaa. Alikaa kwenye kiti bila kukiangalia kama kipo, akaweka mkoba mapajani, akavuta pumzi ndefu. Kisha akanieleza, akichagua maneno kama mwalimu anayeandika ubaoni.

Homa ilimwachia mvumo masikioni. Nyumbani, juma la kwanza, wajukuu walimwita mara mbili ndipo aitike. Mvumo ulipungua, akaona amepona. Akarudi kazini, akafungua rekodi ya kwanza, hakusikia neno. Akaongeza sauti, hakusikia. Watu waliozungumza naye uso kwa uso aliwasikia, simu aliyoiweka sikioni aliisikia, lakini wazee wa Namawala walikuwa wamemkimbia. Akasema moyoni, basi ndiyo hivyo, masikio yameanza kwenda, na yameanza na kazi.

"Nilipomwambia Neema haitoi sauti, nilikuwa najaribu tu. Nilitaka mtu aniambie ni mashine. Halafu wewe ukapiga ukasema vuta hapa, unasikia? Ukasema kama mtu ambaye kwake yeye imekwisha toka. Ningesemaje? Ningesema sisikii, ungemwambia Neema mashine ni nzima, mgonjwa ni huyu bibi."

"Kwa hiyo siku tatu zote..."

"Siku tatu nilikuwa nakaa hapa natazama sekunde zinakwenda." Akaufungua mkoba kidogo akaufunga. "Barua ya kuacha kazi nimekwisha andika. Nilipanga nimpe leo saa saba, kabla hajagawa kazi, nisimwone akiigawa mbele yangu."

Vijana wangu, neno "unasikia" lisitoke tena midomoni mwenu mkiwa kazini. Sisi hulitumia kwa mambo mengi mno. Mtoto akiambiwa nenda dukani hujibu nimesikia. Mtu mzima akishauriwa hujibu nasikia, yaani endelea, nakuheshimu. Nilimuuliza mwanamke mstaarabu swali ambalo kwa adabu za kwetu lina jibu moja tu, kisha nikaliandika jibu hilo daftarini kama kipimo. Ulizeni: rekodi imesema neno gani la kwanza? Hilo halina adabu ndani yake. Mtu ama analo neno, ama hana.

Lakini pale sikuwa na muda wa kutoa somo. Ilikuwa saa tano na nusu, na swali lilikuwa limegeuka kuwa mawili: mashine ina nini, na je, masikio ya mama ni mazima? Maana hata mimi nisiposikia, haikuthibitisha kwamba yeye angesikia. Aliliona hilo kabla yangu. "Ukiitengeneza," akasema, "ndipo tutajua kama nimpe barua au nisimpe."

Nikarudi chini ya meza. Nikafanya kitu nilichofundishwa na Mzee Prosper, fundi redio niliyejifunza kwake nikiwa na umri wenu, mtu aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Yeye hakuwa na vipimo. Alikuwa na kidole. Alisema, ukitaka kujua kama spika ina uhai, chomoa ule waya wake mwembamba wa sauti, gusa ncha yake kwa kidole chenye unyevu. Mwili wako wenyewe utaingia ndani na kunguruma. Nasema waya wa sauti, si wa umeme. Mtakaochanganya hizo mbili msinitaje. Kwa mguso huo mmoja unalikata tatizo vipande viwili. Ikinguruma, spika ni nzima na kosa liko kwenye kompyuta. Isiponguruma, kompyuta usiiguse kwanza.

Nikachomoa, nikalamba kidole, nikagusa. Spika zikatoa mlio mzito, mfupi: zzzzm.

Mama Gaudensia akaruka kutoka kitini.

"Wamerudi!" Akaking'oa kitambaa cha printa na kuanza kupiga hewani. "Nyigu! Baba Happy, tulia, usiinuke, yuko juu ya kichwa chako!"

"Mama..."

"Tulia! Mwaka jana alimng'ata mlinzi hapa hapa, jicho likavimba!"

"Mama, ni mimi. Ni kidole changu." Nikagusa tena. Zzzzm. "Umesikia?" Na mara nikajing'ata ulimi kwa kosa lile lile. "Mlio umetoka upande gani?"

Akasimama na kitambaa mkononi. Akanyoosha kidole kwenye spika ya kulia. Nikamwambia afumbe macho, nikaiwekea mkono ile ya kulia ili isitoe mlio. Nikagusa. Akachelewa kidogo, akageuza uso, akaonyesha ya kushoto.

"Hiyo. Ndogo, lakini hiyo." Akafumbua macho. "Kumbe nasikia?"

"Unasikia, mama."

Akakirudisha kitambaa juu ya printa, akakinyoosha pembe zote nne, na mikono yake ikachukua muda mrefu kuliko pembe nne zinavyohitaji. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemalizia habari ya mvua, akasema:

"Nikasema wametokea wapi tena, na mimi matundu yao yote nimeyaziba."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nakumbuka niliiweka chini.

"Matundu yapi, mama?"

"Ya nyigu hawa wa udongo. Si wanajenga kila penye tundu? Walijenga ndani ya kitasa, wakajenga kwenye mashine ya Neema pale pa kuchomeka flashi, ukaja wewe mwenyewe ukachokonoa. Nilipoona naumwa, naenda kulala siku nyingi, nikasema wasije wakaniharibia chombo cha watu. Nikaziba."

Akainama, akainua mbele kitambaa cheupe chenye maua ya njano, akanionyesha kwa fahari. Kwenye uso wa sanduku, katika tundu la hedfoni, kulikuwa na kijiti cha mwanzi, kimechongwa vizuri, kimezungushiwa uzi mweupe ili kibane, kimekatwa usawa na plastiki. Kazi safi. Kama angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote.

Ndani ya tundu lile kuna kijibati kidogo. Plagi ya hedfoni ikiingia hukisukuma, na mashine hujua mtu amevaa hedfoni, kwa hiyo huzinyamazisha spika ili isiwasumbue walio jirani. Kijibati hakijui tofauti ya plagi na mwanzi. Tangu jana yake kompyuta ilikuwa imeniambia ukweli: kuna kitu kimechomekwa hapa. Mama naye alikuwa amesema ukweli: hakuna hedfoni, hakuna waya. Aliyekosea ni mimi, niliyewapambanisha watu wawili wakweli badala ya kwenda kuinua kitambaa.

Nikarudisha waya wa spika nyuma. Nikashika ncha ya kijiti kwa koleo ndogo, nikakivuta taratibu.

Mwanamke wa ile programu ya majaribio, ambaye alikuwa akiita gizani muda wote huo, akapaza sauti ya Kiingereza ndani ya kachumba, upande wa kushoto.

"Abee!" akaitika Mama Gaudensia.

Tulicheka hadi wenzake wakaja mlangoni na hedfoni shingoni kuuliza kuna nini. Tulisema hakuna kitu. Alipokuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga sikujua alikuwa akifuta kicheko au kingine, na sikuuliza. Kuna mambo ambayo hata mimi nayaacha bila kuyapima.

Nilimsihi, na alikubali, kwenda kupimwa masikio. Juma lililofuata alikwenda. La kushoto lilikuwa limepungua, la kulia zima. Alimwambia Neema mwenyewe, wakati ambao yeye mwenyewe alichagua, na spika zote mbili zikahamia upande wa kulia wa meza. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ya Ijumaa palikuwa bado na fomu.

Utaratibu wa mradi ulitaka kila hitilafu ijaziwe fomu yenye sehemu ya chanzo, na msimamizi aisaini. Fomu hizo zilisomwa wakati wa kuongeza mikataba. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma nikaitazama sehemu ile. Nilijua maneno sahihi: mtumiaji aliziba tundu la hedfoni kwa kijiti, mtumiaji alithibitisha kusikia sauti ambayo haikuwepo, siku tatu za kazi zimepotea. Kila neno lina ushahidi. Nilijua pia kwamba atakayeisoma baada ya mwaka, bila kukiona kitambaa wala kijiti kilivyochongwa, angemwona humo bibi mmoja mgonjwa asiyefaa kuachiwa mashine.

Neema akaja saa saba kasoro, kalamu mkononi, akasoma nilichoandika.

"Chanzo: nyigu." Akaninyanyulia macho. "Nyigu, mzee? Wewe unayejaza kurasa nne kwa waya uliolegea?"

"Nyigu."

"Siku tatu?"

"Wamenisumbua sana."

Akataka kuuliza zaidi. Ndani ya kachumba rekodi ilikuwa imeanza: sauti ya mwanamke mzee wa Namawala, kwa Kiswahili, akieleza juu ya mtoto wake wa pili, kisha sauti ikashuka, ikahamia Kindamba. Mimi na Neema hatukuelewa neno. Tukasikia rekodi imesimamishwa, imerudishwa nyuma kidogo, imesikilizwa tena, na kisha vidole vya Mama Gaudensia juu ya kibodi, bila haraka, mstari baada ya mstari.

Neema akaweka fomu juu ya goti lake, akaisaini.